Sanduku Lenye Kufuli Tatu

Mahindi yameshavunwa. Yamo uani, yameanikwa juu ya turubai, na watoto wanafukuza kuku. Asubuhi mwenye gari anaingia kijijini. Ana magunia matupu, ana kamba, ana kidaftari. Yeye hana haraka. Anajua kwamba wewe ndiye mwenye haraka.

Haraka yako inatoka wapi? Vibarua waliokusaidia kuvuna wanangoja fedha zao. Bati zimechakaa. Mtoto aliugua mwezi wa tano, na deni la dawa bado liko dukani. Basi unauza. Gunia lake amelileta mwenyewe. Mahindi yanamiminwa, gunia linatikiswa, linashindiliwa kwa mti, kisha juu linaongezwa kichwa mpaka linafanana na mtu aliyevaa kilemba. Hiyo ndiyo rumbesa. Badala ya debe sita umetoa saba, pengine nane, na bei ni ya gunia moja. Sheria ya vipimo ya Tanzania inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Lakini sheria haiji shambani kwa miguu yake, na mtu mwenye shida haanzi kubishana juu ya vipimo.

Mwezi wa kwanza unafika. Ghala lako ni tupu. Unakwenda sokoni kununua mahindi, na bei imepanda. Pengine mahindi unayoyanunua ni yale yale uliyoyauza. Tofauti ya bei ya mwezi wa saba na bei ya mwezi wa kwanza imekwenda kwa nani? Imekwenda kwa yule aliyeweza kusubiri.

Somo hili linahusu kusubiri. Wengi hudhani kwamba mkulima ni maskini kwa sababu hajui kulima. Mara nyingi sivyo. Analima, anavuna, lakini hana fedha kidogo za kumvusha miezi mitatu bila kugusa ghala. Tutaona jinsi wanakijiji ishirini, kila mmoja na shilingi elfu moja mkononi, wanavyoweza kupata fedha hizo bila kumpigia mtu magoti.

Mkopo wa gunia

Kwanza tutazame mikopo tuliyoizoea.

Tuseme mwezi wa pili nyumbani hakuna unga. Unakwenda kwa mtu mwenye uwezo. Anakupa shilingi 20,000. Hataki riba, anasema. Anataka gunia moja tu wakati wa mavuno. Unashukuru sana. Mwezi wa saba unampelekea gunia lake. Siku hiyo gunia lina bei ya shilingi 45,000.

Chukua kalamu uandike:

Nilicholipa: 45,000
Nilichokopa: 20,000
Riba: 25,000

Riba imeuzidi mkopo wenyewe. Kwa kila shilingi 100 uliyokopa umelipa riba ya shilingi 125, na hiyo ni kwa miezi mitano tu. Hakuna benki inayotoza hivyo. Lakini kwa kuwa neno riba halikutajwa, mkopo ule ulionekana kama hisani.

Siku hizi kuna na mikopo mingine. Watu wameipa jina lake, mikopo ya kausha damu. Unapewa fedha leo, unalipa kila siku au kila wiki, na ukichelewa wanakuja kuchukua godoro, redio, hata sufuria iliyo jikoni. Jina hilo limeeleza vya kutosha, tuendelee.

Upatu na mapungufu yake

Wazee wetu walijua kuchangiana. Ujima wa kulima ulikuwako, na chama cha kuzikana kiko karibu kila kijiji. Kina mama wanacheza upatu. Watu kumi wanatoa shilingi 5,000 kila mmoja kila wiki, na kila wiki mmoja wao anapokea 50,000. Upatu ni mzuri. Umenunua vyombo vingi na kusomesha watoto wengi.

Lakini upatu hufuata zamu. Mtoto wako akiugua wiki ya tatu na zamu yako ni ya tisa, utafanya nini? Tena fedha za upatu hazizai. Unatoa 50,000, unapokea 50,000. Na yule wa mwisho hulala na wasiwasi, maana waliokwisha pokea wanaweza kuhama au kuchoka.

Mwaka 1991 katika nchi ya Niger, Afrika Magharibi, kwenye mkoa wa Maradi, wanawake wa vijijini walianza mpango mwingine kwa kusaidiwa na shirika la CARE. Niger ni nchi ya ukame, sehemu kubwa yake ni jangwa. Wengi wa wanawake wale hawakujua kusoma wala kuandika. Hesabu zote walizishika kichwani. Kila mmoja alikumbuka zake na za jirani yake, na mwisho wa mkutano walizitaja kwa sauti. Hawakuletewa mtaji. Mtaji ulikuwa fedha zao wenyewe.

Mpango huo ulisambaa. Ulifika Zanzibar, ambako vijiji vilivyo karibu na msitu wa Jozani vilikuwa miongoni mwa vya mwanzo kuufuata, ukafika bara, Kenya na Uganda. Njiani ulibadilishwa hapa na pale. Yakaongezwa hisa, vitabu na mihuri. Hapa kwetu utausikia kwa majina mengi: vikundi vya hisa, vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA. Taratibu zinatofautiana kidogo. Msingi ni mmoja.

Jinsi ya kuanza

Watu kumi na watano mpaka ishirini na watano wanatosha. Wakiwa wachache mno, fedha hazitoshi kukopeshana. Wakizidi, mkutano hauishi mpaka jua linazama, na watu hawajuani vizuri.

Kujuana ndilo jambo kubwa. Usimchague mwenzako kwa sababu ni ndugu yako au kwa sababu ana duka. Jiulize: huyu akikopa jembe, hulirudisha? Huja mkutanoni kwa wakati? Akikosa, husema ukweli? Kikundi kinachowakusanya watu kwa kuoneana haya huvunjika kwa kuoneana haya.

Kisha mnapanga bei ya hisa. Hapa kosa hufanyika mara nyingi. Wenye nafasi husema, tuweke shilingi 5,000, tufike mbali upesi. Msikubali. Bei ya hisa ipangwe kwa kumtazama yule mwenye kipato kidogo kuliko wote kikundini, na kwa kuutazama mwezi mgumu kuliko yote. Kama mwezi wa pili anaweza kutoa 1,000, basi hisa iwe 1,000. Mwenye nacho zaidi ataruhusiwa kununua hisa mbili, tatu, mpaka tano kwa kila mkutano. Kisizidi hapo, ili tajiri mmoja asije akakimeza kikundi. Bei hiyo haibadilishwi mpaka mwaka wa kikundi uishe.

Pamoja na hisa, kila mmoja hutoa kiasi kidogo kwa mfuko wa jamii, tuseme shilingi 200 kila wiki. Mfuko huu haukopeshwi kwa riba wala haugawanywi kama faida. Ni wa ugonjwa, msiba na ajali. Katiba yenu itasema nani anapata nini. Ni afadhali kuyaandika hayo siku ambayo hakuna aliyefiwa.

Viongozi ni watano: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku, na wahesabu fedha wawili. Chagueni kwa siri. Si lazima kuwe na karatasi za kura. Wekeni vikapu au mifuko mahali pa faragha, kila mgombea na wake, na kila mwanachama apite na jiwe moja dogo mkononi alitie anapotaka. Kisha mawe yahesabiwe mbele ya wote.

Sanduku na funguo

Sasa tulitazame sanduku lenyewe. Ni la chuma. Fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza. Lina sehemu tatu za kufungia, na kila sehemu ina kufuli yake. Funguo tatu wanashika wanachama watatu.

Kumbuka vizuri: washika funguo si viongozi, na wala si watu wa nyumba moja. Mtunza sanduku anakaa na sanduku lakini hana ufunguo hata mmoja. Mshika ufunguo ana ufunguo lakini hana sanduku. Mtu mmoja hawezi kulifungua. Wawili hawawezi. Mgonjwa akija usiku kumlilia mtunza sanduku, mtunza sanduku hana la kufanya ila kumpa pole, na wala halaumiwi. Kufuli hizo tatu zinawazuia wezi, ndiyo. Lakini zaidi zinamlinda mtunza sanduku dhidi ya shemeji zake.

Siku ya mkutano wanachama wanakaa kwa nusu duara, kila mmoja kwa namba yake, kuanzia namba moja. Washika funguo wanaitwa, wanafungua. Kabla ya fedha mpya kupokewa, wahesabu wanahesabu fedha zilizokuwamo. Mwenyekiti anauliza: wiki iliyopita tulifunga sanduku na shilingi ngapi? Watu wote wanajibu. Jibu la watu na hesabu ya fedha lazima viwe sawa. Kama si sawa, hakuna kuendelea.

Ndipo namba moja anaitwa. Anatoa mchango wake wa mfuko wa jamii, kisha anataja hisa anazonunua. Wahesabu wanahesabu kwa sauti. Katibu anapiga mihuri katika kitabu cha mwanachama, muhuri mmoja kwa hisa moja. Kila mkutano una visanduku vitano katika kitabu. Aliyenunua hisa tatu hupigiwa mihuri mitatu, na visanduku viwili vilivyobaki vinapigwa mstari hapo hapo, asije mtu akavijaza gizani. Kisha namba mbili, kisha namba tatu, mpaka mwisho.

Vitabu vyote vinarudi ndani ya sanduku. Haviendi nyumbani. Jambo hili huwaudhi wengine, hasa waume wanaotaka kujua mke ameweka kiasi gani. Lakini kitabu kilicho sandukuni hakipotei, hakilowi mvua, wala hakiwi chanzo cha ugomvi saa tatu za usiku. Mume anayetaka kujua hesabu na ajiunge, anunue hisa zake mwenyewe.

Kabla ya kufunga, fedha zinahesabiwa tena na jumla inatangazwa: za hisa ni kiasi hiki, za mfuko wa jamii ni kiasi hiki. Wanachama wanarudia kwa sauti. Bibi wa miaka sabini asiyejua kusoma ataikumbuka namba ile mpaka wiki ijayo, na katibu anajua kwamba ataikumbuka.

Kukopa

Baada ya wiki nne au tano sanduku lina fedha za kutosha kukopesha. Mikopo hutolewa mara moja kila wiki nne, mbele ya wote. Anayeomba anasimama na kusema anataka kiasi gani na cha kazi gani. Kwa kawaida mtu haruhusiwi kukopa zaidi ya mara tatu ya hisa zake, na hulipa kwa muda usiozidi miezi mitatu. Riba hupangwa na kikundi. Wengine hutoza asilimia 5 kwa mwezi, wengine asilimia 10. Kwa maoni ya mwandishi, asilimia 10 ni nyingi mno kwa mkulima. Biashara ya kukaanga samaki inaweza kuibeba, kwa kuwa fedha zinarudi kila jioni. Shamba haliwezi.

Turudi sasa kwenye mahindi yako pale uani. Tuseme umevuna magunia kumi. Unahitaji shilingi 90,000 mwezi wa saba. Una njia mbili.

Njia ya kwanza: unauza magunia mawili kwa 45,000. Umepata 90,000. Magunia mawili yamekwenda.

Njia ya pili: hisa zako zimefika 60, yaani shilingi 60,000. Unaweza kukopa mpaka 180,000, lakini wewe unaomba 90,000 tu. Riba ni asilimia 5 kwa mwezi, yaani shilingi 4,500. Kwa miezi mitatu ni 13,500. Mwezi wa kumi unatakiwa kulipa 103,500. Tuseme mwezi wa kumi gunia limefika 60,000. Unauza magunia yale yale mawili:

Mauzo: 60,000 x 2 = 120,000
Deni na riba: 103,500
Kilichobaki: 16,500

Shilingi 16,500 ni chache? Ni bei ya kusubiri magunia mawili tu. Na ile riba ya 13,500 haikwenda kwa mwenye gari. Imeingia sandukuni, na sehemu yake utaikuta mwisho wa mwaka.

Lakini usiifanye hesabu hii kuwa ahadi. Tumesema tuseme. Kuna miaka ambayo bei haipandi, kwa sababu mavuno ni mengi kila mahali au kwa sababu mpaka umefungwa na mahindi hayatoki. Kwa hiyo usikope fedha zote unazoruhusiwa kwa kutegemea bei ya kesho. Kopa kiasi ambacho ungeweza kukilipa hata gunia likibaki pale pale lilipo. Jaribu mwenyewe: kama mwezi wa kumi bei ingekuwa bado 45,000, ungeuza magunia mangapi ili ulipe 103,500? Magunia mawili yasingetosha. Ungegusa la tatu.

Mahindi yanayosubiri lazima yawe mazima

Kusubiri huku dumuzi anakula ni hasara mara mbili. Mdudu huyu hakuwako kwetu zamani. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa Tanzania alianza kugunduliwa huko Tabora kwenye mwanzo wa miaka ya 1980. Wakulima wakamwita Skania, kama yale malori makubwa, kwa jinsi anavyosaga. Huacha unga na maganda.

Adui mwingine haonekani. Ni sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu katika mahindi au karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo.

Basi kausha kwanza. Usianike juu ya ardhi tupu. Tandika turubai au mkeka. Utajuaje kwamba mahindi yamekauka? Wengi wanang'ata punje kwa meno. Kuna njia iliyo bora kuliko meno. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na yenye kifuniko. Tia mahindi kiasi cha theluthi ya chupa. Ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Chumvi ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, yamekauka.

Baada ya hapo yatie katika mifuko isiyopitisha hewa. Mfuko wa nje ni wa kusokotwa, na ndani yake kuna nailoni nzito, mara nyingi mbili, moja ndani ya nyingine. Jaza, kamua hewa kwa mikono, funga kila nailoni peke yake kwa kamba imara. Wadudu waliomo watakosa hewa na kufa, bila dawa yoyote. Tundu moja dogo linaharibu kazi yote, kwa hiyo panya wasifike. Mifuko hii inauzwa bei kubwa kuliko gunia la kawaida. Hilo ni jambo zuri la kuombea mkopo.

Siku ya kugawana

Mwaka wa kikundi huwa na miezi tisa mpaka kumi na miwili. Chagueni uishe wakati fedha zinahitajika sana, kabla ya kupanda au kabla ya shule kufunguliwa. Siku hiyo mikopo yote imekwisha lipwa. Sanduku linafunguliwa, fedha zote zinamwagwa juu ya mkeka.

Tuseme kikundi chenu kina watu 20. Mmekutana mara 48. Kwa wastani kila mmoja alinunua hisa tatu kila mara. Hisa zote ni ngapi?

20 x 3 x 48 = 2,880

Kwa shilingi 1,000 kila hisa, mmeweka 2,880,000. Riba iliyopatikana ni 700,000. Faini za waliochelewa ni 20,000. Jumla ni 3,600,000. Gawanya kwa idadi ya hisa:

3,600,000 ÷ 2,880 = 1,250

Kila hisa uliyoinunua kwa 1,000 sasa ni 1,250. Aliyenunua hisa moja moja, yaani 48, anapata shilingi 60,000. Aliyenunua tatu tatu, yaani 144, anapata 180,000. Aliyenunua tano tano, yaani 240, anapata 300,000.

Watu watashangilia, na wana haki. Lakini jiulize faida hii imetoka wapi. Haikutoka mbinguni wala serikalini. Imetoka katika mifuko yenu. Aliyekopa ameilipa. Kama alikopa akanunua mifuko ya kuhifadhia, au vifaranga, au akasubiri bei, basi riba hiyo ilitoka katika faida yake na hakuumia. Kama alikopa kwa ajili ya sherehe, basi amewalipia wenzake shangwe ya siku moja. Ndiyo maana anayeomba mkopo husimama na kueleza kazi yake, na wenzake wana ruhusa ya kumwuliza maswali. Si ukorofi kumwuliza.

Yanayovunja vikundi

La kwanza ni viongozi kujikopesha kwanza na kujikopesha sana. La pili ni kumkopesha asiye mwanachama kwa dhamana ya mwanachama. Yule wa nje hana hisa, hana namba, wala hakai kwenye nusu duara kuulizwa. La tatu ni fedha kubwa za ghafla kutoka nje. Mgeni akija na mamilioni kabla kikundi hakijamaliza hata mwaka mmoja, watu huacha kuzihesabu kwa uangalifu, maana si jasho lao. Halmashauri zina mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nayo ni haki ya wananchi. Iombeni. Lakini iombeni mkiwa mmeshagawana mara moja na mmeona hesabu zikikubali.

Tena fedha zisilale sandukuni. Sanduku zuri ni lile lililo karibu tupu, kwa kuwa fedha ziko kazini. Wiki za mwisho kabla ya kugawana, fedha zinaporudi kwa wingi, ndizo za hatari. Zipelekeni benki, au katika akaunti ya kikundi ya simu ambayo haifunguki kwa namba ya siri ya mtu mmoja.

Mwanachama akifa, hisa zake ni mali ya warithi wake. Mnalikata deni lake, kinachobaki mnakabidhi mbele ya mashahidi, na mnaandika. Katiba iseme hivyo tangu mwanzo.

Katika Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe. Vimewekwa katika daraja la nne. Usajili hufanyika katika halmashauri, na wa kumwona kwanza ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mchukulieni katiba na orodha ya wanachama.

Kutoka sanduku mpaka mizani

Kikundi kinachoweza kusubiri pamoja kinaweza pia kuuza pamoja. Mtu mwenye magunia matatu hana sauti mbele ya mwenye gari. Watu ishirini wenye magunia matatu kila mmoja wana sitini, na mahali palipo na magunia sitini mnunuzi huja mwenyewe. Nunueni mizani kwa fedha za kikundi. Mkiuza kwa kilo, rumbesa inakosa kazi.

Jambo hili si geni nchini. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU, kwa sababu hawakutaka kila mmoja auze peke yake. Vyama vikuu vya ushirika vilikua vikawa vikubwa sana. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja, na vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wazee watakusimulia mema na mabaya yake. Lalamiko moja utalisikia mara nyingi, kwamba chama kilikuwa chao, lakini hesabu zilifungwa mahali wasipofika. Waulize, kisha ulitazame tena lile sanduku lililo katikati ya nusu duara.

Mazoezi ya darasa

1. Hisa ya kikundi ni shilingi 500. Mwanachama ana mihuri 130 katika kitabu chake. Ameweka shilingi ngapi? Anaruhusiwa kukopa mpaka kiasi gani, ikiwa kanuni ni mara tatu?

2. Kikundi kingine kina hisa 1,600 za shilingi 500. Riba na faini ni shilingi 160,000. Siku ya kugawana, kila hisa itakuwa na thamani gani?

3. Nyumba ya mwanachama imeungua. Katiba inasema apewe 30,000 kutoka mfuko wa jamii. Baadhi ya wenzake wanataka aongezewe 50,000 kutoka fedha za hisa, bila kulipa. Ninyi mngeamua nini? Kila mmoja aseme sababu yake.

4. Leteni darasani debe moja la mahindi yaliyokauka na mizani. Pimeni. Andikeni ubaoni uzito wa debe. Kisha mkumbuke gunia la mnunuzi aliyepita hapa mwaka jana lilikuwa na debe ngapi, na mkokotoe kilo zake. Mliuza kilo ngapi zaidi ya 100 katika kila gunia bila kulipwa?